Kurekodi Kwaya Nyumbani: Bafa Iwekwe Ngapi?

Zamani kwaya iliyotaka kutoa kanda ililazimika kusafiri hadi studio ya mjini. Ililipia nauli na malazi ya waimbaji wote, na kuimba nyimbo zote kwa siku moja au mbili, kwa kuwa saa za studio hulipiwa. Siku hizi kwaya nyingi hurekodi nyumbani kwa mwalimu wa kwaya, au kwa kijana wa parokia mwenye ujuzi wa kompyuta. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kompyuta mpakato, kadi ya sauti ya nje inayounganishwa kwa USB, maikrofoni moja au mbili, hedifoni na programu ya kurekodia.

Pamoja na urahisi huo, yapo malalamiko mawili ambayo wanakamati huyasikia mara kwa mara. La kwanza ni la waimbaji, wanaosema kwamba wakivaa hedifoni wanajisikia kwa nyuma, yaani sauti yao inawafikia ikiwa imechelewa. La pili ni la anayerekodi, ambaye anasema rekodi ina mikwaruzo na sauti inakatakata. Malalamiko yote mawili huishia kwenye barua ya aina moja: kamati inaombwa fedha za kompyuta mpya, kwa maelezo kwamba iliyopo imezeeka.

Inawezekana kweli imezeeka. Lakini kipo kitu kimoja kinachoweza kuleta malalamiko yote mawili, na kukirekebisha hakugharimu hata shilingi. Kitu hicho ni mpangilio wa bafa. Tunawaandikia wanakamati na wafadhili, na si mafundi peke yao, kwa sababu ninyi ndio mnaopitisha maombi hayo. Si lazima mjue kurekodi, ila ni vema mjue la kuuliza.

Bafa ni nini?

Sauti inapoingia kwenye maikrofoni hupimwa mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Kwa kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kwa kazi za video mara 48,000. Kila kipimo huitwa sampuli. Kompyuta haipokei sampuli hizo moja moja, kwa maana wakati huohuo ina shughuli nyingine: inachora skrini, inaandika kwenye diski, inatafuta mtandao. Hivyo hukusanya sampuli kadhaa, ikazishughulikia kwa mkupuo, kisha ikarudia. Mkusanyiko huo ndio bafa.

Wasomaji wanaojua adha ya maji wataelewa upesi kwa mfano huu. Nyumba ina pipa lenye bomba, na bomba hilo linatoa maji bila kufungwa. Kijana anatumwa kisimani kwa ndoo kulijaza. Akipewa ndoo ndogo, maji yanayotoka bombani ni yale aliyoyateka sasa hivi, lakini hana budi kukimbia kwenda na kurudi bila kupumzika. Akisimama kidogo tu kumwamkia mzee njiani, pipa linakauka na bomba linakohoa. Akipewa ndoo kubwa, anaweza kusalimiana na kila mtu njiani na pipa lisikauke, ila maji unayokunywa yalitekwa muda mrefu uliopita. Bafa ni ukubwa wa ndoo. Mikwaruzo ni kule kukohoa kwa bomba. Kuchelewa kwa sauti ni umri wa maji.

Hivyo basi hakuna namba moja iliyo sahihi kwa kila kazi. Anayekwambia "weka 256 basi" amekupa jibu la kazi moja tu.

Kuhesabu uchelewaji

Katika programu nyingi namba za kuchagua ni 32, 64, 128, 256, 512, 1024 na 2048. Hizo ni sampuli. Ukitaka kujua ni muda gani, gawanya kwa 44,100. Sampuli 64 ni kiasi cha milisekunde 1.5 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Sampuli 128 ni milisekunde 2.9, 256 ni 5.8, 512 ni 11.6, 1024 ni 23.2 na 2048 ni 46.4.

Hapo wengi hukomea, na hesabu yao inakuwa pungufu. Sauti ya mwimbaji inayoingia kwenye kompyuta na kumrudia masikioni hupita bafa mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea. Kwa hiyo bafa ya 256 humfikia mwimbaji ikiwa imechelewa angalau milisekunde 11.6, tena bado hatujahesabu muda ambao kadi yenyewe huutumia kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, wala ile akiba ya siri ambayo draiva nyingi hujiwekea. Uchelewaji halisi ni mkubwa zaidi ya ule unaoupata kwa kugawanya.

Je, milisekunde hizo ni nyingi? Katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja kwa karibu milisekunde 3. Mwimbaji aliyesimama mita 8 kutoka kwenye kinanda hukisikia kikiwa kimechelewa milisekunde 23, na waimbaji wengi wamezoea hali hiyo bila kuifahamu. Huo ndio uchelewaji wa bafa ya 512 kwenda na kurudi. Bafa ya 1024 kwenda na kurudi ni kama mita 16, yaani kinanda kiwe karibu na altare na kwaya iwe karibu na mlango mkubwa. Mwalimu yeyote aliyewahi kuiweka kwaya mbali na kinanda anajua kinachotokea: kila upande unamsubiri mwenzake, na wimbo unazidi kuwa mzito hadi ubeti wa mwisho.

Kwa sauti ya mtu mwenyewe masikio ni makali zaidi. Anapoimba, sauti yake humfikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, kisha inamfikia tena kupitia hedifoni. Sauti hizo mbili zikipishana hata kwa milisekunde chache tu, huchanganyika vibaya na mtu hujisikia kama anaimba ndani ya debe. Ikizidi milisekunde 10 hivi wengi huanza kulalamika, na ikifika 30 hata mapigo yanampotea. Jambo hili si uzushi wa waimbaji wenye madaha. Mwaka 1950 mtafiti Bernard S. Lee aliandika kuhusu watu waliosikilizishwa maneno yao wenyewe yakiwa yamecheleweshwa, nao wakaanza kugugumia. Kwa hiyo mwimbaji akisema anajisikia kwa nyuma, aaminiwe.

Hapa inafaa kutaja hedifoni za Bluetooth, kwa kuwa zimeenea sana. Hizo huongeza uchelewaji wao wenyewe, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na hakuna namba ya bafa itakayouondoa. Kwa kurekodi tumieni hedifoni za waya, hata zile za bei ndogo.

Kinachoharibika na kisichoharibika

Watu wengi hudhani kwamba bafa kubwa hutoa sauti nzuri zaidi. Si kweli. Bafa haiongezi wala haipunguzi ubora wa sauti. Sampuli ni zilezile, tofauti ni zimebebwa ngapi kwa mkupuo mmoja. Wengine huogopa kwamba uchelewaji utaingia ndani ya rekodi na sauti ya nne isilingane na kinanda. Kwa kawaida hilo nalo halitokei, kwa kuwa draiva huiambia programu uchelewaji ni kiasi gani, na programu huirudisha sauti nyuma mahali pake inapomaliza kurekodi. Uchelewaji husumbua masikio ya anayeimba wakati ule anaimba. (Zipo draiva zinazotoa taarifa isiyo sahihi. Ukiona kila sauti mpya imekaa nyuma kwa kiasi kilekile, kuna mahali katika programu pa kusahihisha kwa mkono.)

Mikwaruzo ndiyo ya kuogopa, nayo ni ya aina mbili. Ikitokea wakati wa kusikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa, hakuna kilichopotea: kompyuta imeshindwa kucheza kwa wakati, lakini faili ni zima. Ongeza bafa, cheza tena, mikwaruzo imekwisha. Ikitokea wakati wa kurekodi, sampuli ambazo kompyuta haikuwahi kuzipokea hazimo ndani ya faili na hazitarudi. Kuna programu za kuziba mapengo hayo, nazo huziba moja au mbili kwa shida. Rekodi yenye mapengo 50 itabidi iimbwe upya.

Na kuimba upya kuna gharama yake. Kwaya hukutana Jumamosi jioni, watu wametoka mashambani na kazini, wengine wamepanda basi. Mama wa sauti ya kwanza aliyeimba vizuri leo, wiki ijayo ana mafua au ana msiba. Kupoteza jioni hiyo kwa sababu ya namba iliyowekwa vibaya kunauma kuliko kupoteza fedha.

Namba kwa kila kazi

Kwa kurekodi waimbaji, shauri letu litawashangaza baadhi ya vijana: wekeni bafa kubwa, 512 au hata 1024, na mwimbaji asijisikilize kupitia kompyuta. Kadi nyingi za sauti za nje zina kitufe kilichoandikwa Direct, au kirungu cha kuchanganya sauti ya maikrofoni na ile ya kompyuta. Kwa njia hiyo sauti ya maikrofoni hugawanywa ndani ya kadi yenyewe: sehemu moja inakwenda kwenye kompyuta kurekodiwa, na nyingine inakwenda moja kwa moja kwenye hedifoni. Mwimbaji anajisikia karibu bila uchelewaji wowote, na kompyuta ina nafasi ya kupumua. Ndoo ni kubwa, na mwenye kiu anakunywa kisimani.

Ni lazima kuzima usikilizaji wa mkondo huo ndani ya programu. Usipozimwa, mwimbaji atajisikia mara mbili na atadhani kitufe hakifanyi kazi. Hasara ya njia hii ni kwamba mwimbaji hasikii ule mwangwi wa kanisa ambao programu ingemwekea, na wapo wanaojisikia wakavu wasipoupata. Baadhi ya kadi zina mwangwi wake ndani. Kama yenu haina, waelezeni waimbaji kwamba mwangwi utawekwa baadaye. Kwa maoni yetu wataimba safi zaidi bila kufichwa na mwangwi.

Kinanda ni habari nyingine. Pale mpigaji anapobonyeza vitufe vya kinanda na sauti inatengenezwa na programu ndani ya kompyuta, kitufe cha Direct hakimsaidii, kwa maana kabla ya kompyuta hakuna sauti ya kusikiliza. Hapo bafa iwe ndogo. Anzeni na 128. Kwa kuwa anayepiga hivyo husubiri bafa ya kutokea peke yake, 256 nayo huwafaa wengi, hasa kwa sauti za taratibu kama zile za kinanda cha mabomba. Mpigaji wa ngoma za kielektroniki ndiye hugundua uchelewaji mapema kuliko wote.

Lakini kabla ya kuhangaika na 64 na 32, jiulizeni kama kuna haja. Vinanda vingi vilivyopo makanisani vina sauti zake vyenyewe, na nyingi ni nzuri. Pelekeni waya kutoka nyuma ya kinanda hadi kwenye kadi, mrekodi sauti hiyo kama mnavyorekodi maikrofoni, na suala la bafa ndogo limekwisha.

Kazi ya mwisho ni kuchanganya sauti, yaani kusawazisha kwaya na vyombo, kuweka mwangwi na kuondoa kelele. Hakuna anayeimba, na ukibonyeza kitufe cha kucheza wimbo ukaanza sehemu ya ishirini ya sekunde baadaye hakuna atakayedhurika. Wekeni 1024 au 2048, mziache plagini zifanye kazi yake. Kosa linaloonekana sana ni kuchanganya sauti kwa bafa ileile ya 128 iliyotumika kupigia kinanda, halafu kompyuta ikilemewa inalaumiwa kwa uzee.

Ili kujua kompyuta yenu inaweza nini, msiijaribu kwa wimbo mtupu. Fungueni wimbo wenye mikondo mingi kuliko yote, wekeni 256, mrekodi chochote kwa dakika tano, kisha msikilize kwa hedifoni. Kama ni safi, shukeni hadi 128 mrudie. Mikwaruzo ikianza, pandeni ngazi moja mkae hapo. Jaribio lifanyike katika hali ya siku yenyewe: saa ileile ya mchana, chumba kilekile, kompyuta ikiwa imekwisha kuwaka saa nzima.

Njia ya kwenda kwenye kadi

Wakati mwingine namba ni nzuri ila njia ndiyo mbaya. Katika kompyuta za Windows, njia ya kawaida ya sauti ilitengenezwa kwa ajili ya kusikiliza muziki na milio ya kompyuta, nayo inaweza kuongeza foleni yake juu ya bafa yenu. Kwa sababu hiyo kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mfumo wa ASIO mwaka 1997, unaoiwezesha programu kuzungumza na kadi bila kupitia foleni hiyo. Wekeni draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa kadi yenu, kisha mwichague ndani ya programu; kuiweka tu bila kuichagua hakubadilishi kitu. Kwa kadi isiyo na draiva yake kuna ASIO4ALL, inayopatikana bure, ambayo ni daraja tu lakini mara nyingi linatosha. Kompyuta za Mac zina Core Audio ndani yake tayari.

Wanaotumia Audacity, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, wataona kwamba bafa yake huandikwa kwa milisekunde na si kwa sampuli. Wasibabaike. Kwa kutumia kitufe cha Direct cha kadi, Audacity hurekodi kwaya bila tatizo.

Kabla ya kuandika barua ya kompyuta mpya

Mikwaruzo isiyoisha hata kwa 512 huwa na sababu nyingine, na nyingi ni za mazingira yetu. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato huhamia kwenye betri na kwa kawaida hupunguza kasi ili kutunza chaji. Papo hapo ile 256 iliyokuwa salama inaanza kukwaruza. Kuna mpangilio wa kuizuia isipunguze kasi, na ni vema uwekwe kabla ya siku ya kurekodi. Joto nalo lina athari hiyohiyo. Prosesa ikipata moto hujipunguza yenyewe, na kompyuta iliyowekwa juu ya kitambaa au mto, kama inavyofanyika sana majumbani, hupata moto haraka. Iwekwe juu ya meza ngumu, na vumbi la feni lipulizwe mara kwa mara.

Zimeni mtandao wa Wi-Fi wakati wa kurekodi. Programu ya kuzuia virusi isianze ukaguzi jioni hiyo. Kadi ichomekwe kwenye tundu la kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha USB kinachotumika pia kwa simu na modemu. Mikondo iliyokamilika inaweza kugandishwa, yaani programu iiandike kama sauti ya kawaida ili plagini zake zisiendelee kuhesabiwa kila mara. Programu nyingi zina amri hiyo.

Wapo pia wanaopandisha kipimo hadi sampuli 96,000 kwa sekunde kwa kuwa wamesikia kwamba hupunguza uchelewaji. Ni kweli, 256 kwa kipimo hicho ni milisekunde 2.7 tu. Lakini kazi ya prosesa inakuwa maradufu na faili zinajaza diski mara mbili. Kwa kwaya, 44,100 au 48,000 inatosha kabisa.

Baada ya hayo yote zipo parokia ambazo ombi lao bado litakuwa la haki. Kikundi kinachotengeneza ala nyingi ndani ya kompyuta, kikiwa na draiva sahihi, bila mtandao, kwa umeme wa uhakika, na bado 256 ikakwaruza, kinahitaji prosesa yenye kasi zaidi, na pengine kumbukumbu zaidi. Ila kwa kwaya inayorekodi sauti za watu na kinanda cha waya, sisi tungeshauri fedha ziende kwanza kwenye kadi ya sauti yenye draiva nzuri na kitufe cha Direct, ambayo kwa kawaida ni ya bei ndogo kuliko kompyuta.

Kamati inayopokea ombi inaweza kutaka mambo manne yaandikwe kwenye barua: bafa iliyojaribiwa ni zipi, draiva iliyotumika ni ipi, waimbaji walijisikilizaje, na kompyuta ilikuwa kwenye umeme au betri. Iambatanishwe na rekodi ya dakika tano ya jaribio lenyewe. Mwanakamati yeyote mwenye hedifoni ataweza kuisikia mikwaruzo hiyo, kama ipo.